Mliuliza kila kitu, hamkuuliza mto

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Banki Kuu ya Kongo, Kinshasa, na kwa wakurugenzi wote wa banki zenye matawi hapa Lubumbashi.

Wakubwa wetu,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mama mkulima wa mboga. Nalima lengalenga, matembele na shu (kabichi) bondeni, kando ya kijito kinachoshuka kuelekea mto Kafubu. Likelemba yetu, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, ina wamama 23, na mimi ndiye mshika daftari kwa mwaka wa tisa sasa. Barua hii nimewasomea wenzangu wote kabla ya kuituma. Mmoja aliniambia nipunguze hasira. Nimepunguza kiasi.

(Mheshimiwa Gavana, ukisema "gavana" hapa kwetu watu wanadhani ni yule wa jimbo. Huyo ana barua zake nyingi. Hii ni yako wewe, mwenye saini iliyo kwenye noti.)

Mwaka jana tulikwenda banki kuomba mkopo wa dola 6,000. Tulitaka kuchimba kisima kirefu huku juu, mbali na bonde, tufunge pampu ya jua na tangi, tuachane na maji ya kijito. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu, alitupa viti na maji ya kunywa, kisha akatupa fomu ya kurasa nne. Niliijaza usiku pamoja na mjukuu wangu, kwa tochi ya simu kwa sababu ya delestaji, ule mgao wa umeme. Parseli ni ya nani? Ina hati? Umeolewa kwa mila au kwa Leta (Serikali)? Watoto wangapi wanasoma? Nani mwingine anakudai? Nilihesabu maswali 37. Niliambiwa pia nilete barua ya mume. Mume huyo huyo alipomdhamini jirani yetu, hakuna aliyemwomba barua yangu, ila hilo nitaliandikia siku nyingine.

Baada ya wiki tano jibu likaja: hapana. Bonde halina hati, likelemba si kampuni, na miaka mitatu tuliyoiomba ya kulipa ni mirefu mno.

Sikulia. Banki si kanisa, na pesa inayokopeshwa si ya banki, ni ya watu, ikiwemo yangu. Kilichonikalisha chini kuandika ni faili jingine kabisa.

Mwezi ule ule, banki ile ile ilimpa jirani yetu dola 14,000 za kununua lori la zamani. Kazi ya lori: kubeba makala, yaani makaa ya kupikia. Muda: miezi 12. Kwa kuwa mume wangu alikuwa mdhamini, faili lilikaa juu ya meza yangu siku mbili, nami nikalisoma kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Fomu ni ile ile. Maswali 37 yale yale. Hakuna hata moja lililomuuliza makala yatatoka pori gani, kwa kibali cha nani, pori hilo liko umbali gani leo na litakuwa umbali gani mwezi wa kumi na mbili. Nikarudi kwenye nakala ya fomu yangu. Hakuna hata moja lililoniuliza namwagilia mboga kwa maji gani, na kisima kitabadilisha nini. Basi ombi langu lilihukumiwa bila sababu yake kubwa kusikilizwa, na la jirani likapita bila hatari yake kubwa kuonekana. Wakubwa wetu, hiyo ndiyo habari yangu yote. Mengine ni kueleza.

Tuanze na makala, maana hapa Lubumbashi kila mtu ni mtaalamu wa makala. Bukari yetu, yaani ugali, inapikwa kwenye babula, jiko la makala. Hata mwenye waya wa SNEL, shirika la umeme, ana babula nyuma ya nyumba, kwa sababu umeme unajua kukatika sufuria ikianza tu kuchemka. Simlaumu mpishi. Tangu mwaka 1982 kuna laini ya umeme ya kilomita 1,700 kutoka bwawa la Inga hadi mji wa migodi wa Kolwezi, imepita juu ya vijiji ambavyo havijawahi kuwasha taa, ili kuhudumia shaba. Aliyebaki bila umeme atapika kwa nini? Kwa miti. Na tanuri la udongo la porini lina ulafi: kilo moja ya makala inataka kuni kilo tano, mara nyingine hata kumi. Miti ya muputu na mutondo iliyokua miaka arobaini inakwisha kwa wiki chache za moshi. Pamoja nayo vinakwenda viwavi vya msimu, uyoga na asali, vitu ambavyo havimo kwenye kitabu cha mhasibu yeyote ingawa vimelipia karo za watoto wengi.

Nilipoolewa, makala yalikuja kwa baiskeli, na mwuzaji alikuwa ametoka kwake asubuhi ile ile. Sasa yanakuja kwa lori, na dereva anaongea habari za kulala njiani. Jirani yetu alianza kwa kuchukua mzigo kilomita 80 hivi, barabara ya Kasenga. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa anakwenda 130, kisha njia za ndani ambazo mvua ya Januari inazigeuza tope. Mafuta yaliongezeka, matairi yaliongezeka, vizuizi vya barabarani viliongezeka, na kila kizuizi kina mkono. Bei ya gunia sokoni ilipanda pia, lakini mama mwenye babula ana mwisho wa mfuko wake. Mwezi wa nane ekseli ilivunjika huko huko porini. Lori sasa liko kwenye ua wa banki, majani yamemea hadi kwenye milango, na mume wangu analipa kidogo kidogo kwa saini aliyoiweka.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe. Kwa kawaida banki ndivyo ilivyo: inakula riba nawe, hasara unakufa peke yako. Safari hii nayo imejeruhiwa. Ilikubali rehani ya lori ikasahau kwamba lori linakula pori, na pori linakimbia. Kama mtu mmoja angeuliza "miti iko wapi?", angeona kwamba mapato ya miezi sita ya mwanzo hayawezi kuwa mapato ya miezi sita ya mwisho. Sijasoma uchumi, nimesoma daftari la likelemba, na hesabu hiyo naiona. Kwa hiyo mtu asije kuniambia kwamba mazingira ni mambo ya Wazungu na ya mikutano ya hoteli. Swali la mazingira ni swali la mkopo: huyu atalipa au hatalipa?

Sasa maji. Hapa nitaandika sentensi ambayo nimeifuta mara mbili. Mboga za matuta ya chini, yale yanayoguswa na kijito, siwapikii wajukuu wangu. Nawapikia za juu, ninazomwagilia kwa maji ya kununua. Za chini nauza.

Mnaweza kunihukumu. Najihukumu mwenyewe kila alfajiri nikifunga mafungu. Lakini mjue nilichokijua. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga. Kwa waliokaa chini ya kilomita tatu kutoka kwenye migodi au viwanda vya kuyeyusha madini, kobalti ilikuwa nyingi kuliko ilivyowahi kuripotiwa popote duniani kwa watu wa kawaida, wasio wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine uliofanywa hapa hapa mjini: watoto waliozaliwa na kasoro walikuwa zaidi miongoni mwa wale ambao baba zao wanafanya kazi za madini. Na Novemba 2025 maji ya bwawa la kiwanda kimoja yalimwagika mitaani komini Annexe, watu wakatembea ndani yake kwa sandali, na waziri wa madini akasimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi mitatu.

Nami nauliza jambo ambalo siku ile halikuulizwa redioni. Kiwanda hakijengwi kwa mchanga na maombi. Kuna aliyekopesha. Kuna aliyefungua barua ya dhamana ili mashine zipite mpaka wa Kasumbalesa. Kuna akaunti ambayo mishahara inapitia. Kuna wakandarasi wadogo waliokopa malori ya kubeba tindikali na salfa kati ya mpaka na Kolwezi. Waziri alikwenda kwenye bwawa, ikawa vizuri. Kwenye kaunta hakuna aliyekwenda.

Mji huu na banki wanajuana tangu zamani kuliko tunavyokumbuka. Banque du Congo Belge ilianzishwa mwaka 1909. Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, ilianzishwa mwaka 1910. Banki ni dada mkubwa kwa mwaka mmoja! Chimni ya Gécamines, kampuni ya madini ya Leta, na ule mlima mweusi wa mabaki tunaouonyesha wageni vilikuja baadaye, na vilikuja kwa pesa. Banki ile imebadilisha majina na wenyewe, na leo ni sehemu ya Equity BCDC. Siisemi kwa ubaya. Nasema tu kwamba dada mkubwa hawezi kudai hajui nyumba ina moshi.

Mtasema: mambo haya yanawezekana kwa nchi tajiri. Hapana. Bangladesh si nchi tajiri, na mafuriko yake tunayasikia kila mwaka. Mwaka 2009 Banki Kuu yao ilifungua mfuko wa kuzikopesha banki kwa riba nafuu, ili nazo zikopeshe watu wa sola, wa gesi ya samadi, na wenye viwanda wanaotaka kujenga mitambo ya kusafisha maji machafu. Soma tena hiyo ya mwisho, Mheshimiwa Gavana: kusafisha maji ya kiwanda. Mwaka 2011 wakaziandikia banki zote mwongozo wa kufuata. Na huko huko shirika la Grameen Shakti, lililoanza mwaka 1996, liliuza sola za nyumbani kwa malipo ya kidogo kidogo hadi zikapita milioni moja mwishoni mwa 2012, kwa watu wa vijijini ambao hawakuwa na hati wala mshahara wa mwezi. Nigeria nao, wenye mafuta na uchafu wa mafuta, waliweka kanuni tisa za banki zao Julai 2012. Kenya, Banki Kuu ilitoa mwongozo wa hatari za tabianchi Oktoba 2021.

Kenya naitaja kwa sababu. Equity ni ya Nairobi. KCB, banki iliyonunua sehemu kubwa ya banki ya TMB mwaka 2022, ni ya Nairobi. TMB yenyewe ilizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 2004, tunaiona kama mtoto wa mji. Basi ujuzi uko ndani ya familia tayari. Anayenawa mikono kwao kabla ya kula, akija kwetu na kukuta bakuli la maji halijawekwa, kosa ni la nani? La mwenye nyumba. Yaani lako, Mheshimiwa Gavana. Weka bakuli.

Kuna pia zile kanuni za kimataifa zinazoitwa Equator, ambazo banki kubwa za dunia zilianza kuzifuata mwaka 2003. Nzuri, ila zinaanza kuangalia mradi wa kuanzia dola milioni 10. Lori la jirani yangu halitafika huko, wala kisima changu. Pori la Kasenga halimalizwi na mkopo mmoja wa milioni 10, linamalizwa na mikopo elfu moja ya 14,000. Mkituandikia mwongozo wenu msinakili kizingiti hicho.

Sheria zetu wenyewe si tupu kama tunavyodhani. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inataka mradi unaoweza kudhuru mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi wa athari, na kuna wakala wa taifa wa kutoa cheti. Kwa nini banki itoe hata dola moja kabla ya kuona cheti hicho? Cheti cha parseli mnakiona. Kitambulisho mnakikagua mbele na nyuma. Ongezeni karatasi moja.

Sheria ya Madini, iliyorekebishwa Machi 2018, nayo inamlazimu mwenye mgodi kuweka dhamana ya fedha ya kurekebisha ardhi atakayoiharibu, na dhamana kama hiyo kazi yake kubwa inafanyika banki. Fedha hizo ni za mashimo yetu. Ziko banki gani? Ni kiasi gani kwa kila mgodi? Zikipelekwa leo kufukia shimo, zitafukia robo au zitanunua tu mabati ya uzio? Mimi nikiweka franka 5,000 za likelemba, wamama 23 wanajua daftari liko kwa nani na lina kiasi gani. Sioni kwa nini mamilioni ya kurekebisha ardhi yawe siri kuliko likelemba yetu.

Mwingine atanijibu kwamba makampuni ya madini tayari yanatoa 0.3 kwa mia ya mauzo yao kwa maendeleo ya wananchi, hivyo tukadai huko. Tutadai. Hizo ni za kujenga shule na zahanati baada ya jambo kutokea. Mimi naongea habari za kabla, siku ambayo mtu bado amekaa mbele ya meza yenu na kalamu, hajapata pesa, na yuko tayari kujibu swali lolote. Siku hiyo banki ina nguvu kuliko mkaguzi yeyote wa Leta, ambaye labda hana hata gari la kufika kwenye bwawa.

Banki nazo ziwe na haki ya kusikilizwa. Kijana wetu wa adabu alinieleza kwa nini miaka mitatu haiwezekani: akiba nyingi wanazoshika ni za watu wanaoweza kuja kuzichukua kesho asubuhi, basi huwezi kuzifunga ndani ya kisima kwa miaka mitatu. Namwelewa. Wazazi wetu waliona noti zikifutwa Desemba 1979, na hadi leo kuna bibi anayelala juu ya pesa zake. Hofu hiyo ndiyo inafanya mkopo uwe mfupi, na mkopo mfupi unapenda kazi fupi: kukata, kuchoma, kubeba, kuuza. Mti unataka miaka, kisima miaka, babula zinazokula makala kidogo zinataka fundi apewe muda wa kupata wateja. Ndiyo maana nataja mfuko kama ule wa Bangladesh. Banki Kuu ikizikopesha banki kwa muda mrefu kwa kazi za namna hiyo tu, kijana wetu atakuwa na jibu jingine la kunipa. Na mkikubali dhamana ya kundi, njooni mlisome daftari letu. Miaka tisa, hakuna zamu iliyorukwa, hata ile miezi ya korona soko lilipofungwa.

Kuna ombi moja ambalo mume wangu alicheka nilipolisoma. Kila mwaka banki itundike ukutani, karibu na kaunta, karatasi inayosema pesa zetu zimekwenda wapi: kiasi gani madini, kiasi gani malori, kiasi gani kilimo, kiasi gani umeme wa jua. Kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Majina ya watu sitaki, ni siri yao. Alisema hakuna atakayesoma. Nikamwambia foleni ya siku ya mishahara inachukua saa mbili, watasoma hadi jina la mpiga chapa.

Faili letu tulikwenda kulichukua wiki iliyopita. Tutalirudisha Jumatatu, katika banki ile ile, kwa kijana yule yule. Fomu ni ile ya kurasa nne, maswali 37, yote yamejibiwa. Nyuma yake tumebandika ukurasa wa tano tuliouandika wenyewe kwa mkono, wenye maswali matatu na majibu yake: maji tunayotumia sasa yanatoka wapi, matuta mangapi yanaguswa nayo, na nani anakula mboga za huko. Hilo la tatu wamama walibishana jioni nzima kama tuliache au tulijibu. Tumelijibu.

Kwa niaba ya wamama 23 wa bondeni,
Mshika daftari,
Lubumbashi